Je, Wajua? Pedali Ngumu ya Breki Haiponi kwa Kutoa Upepo

Land Cruiser na Land Rover za miaka mingi bado zinabeba watu na mizigo kati ya Shinyanga, Kahama na Geita. Pedali ya breki ikiwa ngumu, wengi hukimbilia kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Hiyo ni tiba ya ugonjwa mwingine. Upepo ukiingia kwenye mafuta, pedali hubonyea kama sponji, kwa sababu hewa hushindilika na mafuta hayashindiliki. Pedali ngumu inaelekeza kwingine, na mshukiwa wa kwanza ni busta, lile kopo la duara lililoshikana na masta silinda. Ndani yake mna diaframu ya mpira. Hewa hunyonywa upande mmoja. Ukikanyaga, hewa ya nje huingia upande wa pili na kuisukuma. Diaframu ya kipenyo cha sentimita 25, ikipata tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 60, huusaidia mguu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300. Kwenye injini ya petroli, injini yenyewe hunyonya hewa hiyo. Dizeli nyingi hutegemea pampu, ambayo katika Land Cruiser nyingi za zamani hufungwa nyuma ya alternata.

Kupima hakuhitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie kwa mguu, kisha washa. Ikishuka kidogo, busta inapata nguvu yake. Basi kagua breki za magurudumu, huenda pistoni zake zimeganda. Isiposhuka, fuata mpira wa kunyonyea hewa, vali yake, pampu na diaframu. Busta ikichelewa kusaidia, tazama kichujio kidogo kwenye fimbo ya pedali, kwani vumbi la barabara za machimboni huweza kukiziba.

Wapo watakaosema kwamba mwinuko ndio sababu. Ni kweli kwamba Shinyanga, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo la hewa pungufu kwa takriban moja ya nane kuliko Dar es Salaam. Lakini mwinuko haubadiliki. Pedali iliyokuwa laini juzi na leo ni ngumu ina hitilafu. Wengine watasema gari la zamani ndivyo lilivyo. Baadhi ya Land Rover zilitoka kiwandani bila busta, na hizo zina haki ya ugumu wao. Iliyokuja nayo haina. Breki yake bado hushika ukikanyaga kwa nguvu zote, ila gari lenye mzigo likiteremka, nguvu za mguu mmoja huenda zisitoshe kulisimamisha kwa wakati.