Vita vya Kwanza vya Dunia: Kutoka Ubao wa Sataranji hadi Ziwa Tanganyika

Jibu la swali kuhusu athari za Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) hupungukiwa alama likiorodhesha hoja bila mifano. Hapa tunajifunza mifano miwili: mashindano ya sataranji (chesi) ya Ulaya na meli ya Kigoma. Kwa mwanafunzi wa Ilagala au Ujiji, mfano wa pili uko mlangoni pake.

Mabingwa kabla ya vita

Sataranji huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa miraba 64. Kila mmoja ana kete 16, na mshindi ni yule anayembana mfalme wa mwenzake akakosa pa kukimbilia. Tangu 1894 bingwa wa dunia alikuwa Emanuel Lasker wa Ujerumani. Katika mashindano ya St Petersburg, Urusi, mwaka 1914, Lasker alipata pointi 13.5, José Raúl Capablanca wa Kuba 13, na Alexander Alekhine wa Urusi 10. Akiba Rubinstein naye alitarajiwa kupambana na Lasker kuwania ubingwa mwaka huohuo.

Mashindano yasimama

Julai 1914 wachezaji walikutana Mannheim, Ujerumani. Tarehe 1 Agosti Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Urusi, na mashindano yakasimamishwa Alekhine akiwa anaongoza. Wachezaji 11 kutoka Urusi waliwekwa kizuizini. Hawakuwa wametenda kosa. Walikuwa tu raia wa nchi adui. Alekhine aliachiliwa baadaye. Pambano la Lasker na Rubinstein halikufanyika kamwe.

Vita ziwani

Vita hivyohivyo vilifika Ziwa Tanganyika, kwa kuwa upande wa mashariki ulitawaliwa na Wajerumani na upande wa Kongo na Wabelgiji. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Vipande vya meli *Graf von Götzen* vililetwa kwa reli hiyo, vikaunganishwa Kigoma, na meli ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka injini grisi zisiharibike.

Gharama kubwa zaidi ililipwa na Waafrika. Maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na magonjwa. Majina ya mabingwa wa Mannheim yamehifadhiwa. Ya wengi wa wapagazi hao hayakuandikwa.

Baada ya vita

- 1921: Capablanca alimshinda Lasker huko Havana, akawa bingwa wa dunia.
- 1924: Shirikisho la Sataranji la Dunia (FIDE) liliundwa Paris. Mwaka huohuo Waingereza waliiibua meli iliyozamishwa.
- 1927: Alekhine alimshinda Capablanca huko Buenos Aires baada ya michezo 34. Meli ilirudi kazini kwa jina la *Liemba*.

Kumbuka: Vita huvuruga hata shughuli zisizohusiana na siasa, na huwaumiza watu ambao hawakuvianzisha. Hoja hii ikiambatana na mfano wenye mahali na mwaka, jibu lako limekamilika.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini wachezaji wa Urusi waliwekwa kizuizini mwaka 1914?
2. Eleza jinsi Reli ya Kati ilivyowasaidia Wajerumani katika vita vya Ziwa Tanganyika.
3. "Vita vya Ulaya havikuwahusu Waafrika." Pinga kauli hii kwa hoja tatu.