Hema ya Raha na Hema ya Shida

Katika nchi nyingi jamaa hufunga mizigo wakati wa likizo na kwenda kupiga hema katika hifadhi ya taifa. Huota moto, hutazama wanyama, kisha hurudi kwao salama.

Nasi tunazo hifadhi za namna hiyo. Virunga, ya kwanza barani Afrika, iliwekwa mwaka 1925, na ukingo wake wafika Masisi. Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hata kuingia Walikale. Humo huishi gorila wa aina isiyopatikana porini ila mashariki ya Kongo.

Lakini kwa jamaa nyingi za kwetu, hema si raha. Hao hulala chini ya turubai kwa kuikimbia vita. Chungu chao chataka kuni, na kuni hutoka msituni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa karibu na Goma: miti ya Virunga ilikatwa kila siku. Nani amlaumu mama ambaye mwanawe ana njaa? Adui wa jamaa na wa msitu ni mmoja, nayo ni vita.

Hata hivyo, yako yawezekanayo. Jiko la udongo lililozibwa pembeni hula kuni chache kuliko mafiga matatu. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi. Tena wafundisheni watoto majina ya miti na wanyama, ili amani itakaporudi wapige hema kwa furaha, wala wasikute msitu umeishia jikoni.