Saa na Muda: Jinsi Programu ya Kompyuta Inavyopima Wakati Uliopita

Utangulizi

Neno "saa" katika Kiswahili lina maana tatu ambazo msemaji huzitenganisha bila taabu. Kwanza ni chombo, kama saa ya mkono au ya ukutani. Pili ni wakati maalumu katika siku, kama saa mbili asubuhi. Tatu ni kipimo cha muda, yaani dakika sitini. Katika sentensi "Alifika saa mbili" umetajwa wakati maalumu. Katika "Alikaa saa mbili" umetajwa muda. Kitenzi ndicho kiamuacho. Lakini sentensi "Alisoma saa mbili" ina utata, na ndiyo sababu msemaji mwangalifu huongeza maneno: "kwa muda wa saa mbili" au "mnamo saa mbili".

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi utata wa namna hiyo unavyojitokeza katika programu za kompyuta, na jinsi unavyotatuliwa. Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha pia, kwani wao ndio wanaoombwa kuunda istilahi za taaluma hiyo na kutafsiri vitabu vyake.

Hesabu ya Sekunde

Kompyuta haijui asubuhi wala jioni. Ndani yake mna kipande cha kwatzi kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika sana, na mitetemo hiyo huhesabiwa. Katika mfumo wa Unix, na mingine mingi iliyoufuata, wakati huwakilishwa na idadi ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa wakati wa kimataifa. Huko Nairobi ilikuwa saa tisa za usiku.

Kwa hiyo programu ikitaka kujua kazi fulani imechukua muda gani, husoma hesabu hiyo kazi inapoanza, huisoma tena inapokwisha, kisha hutoa ya kwanza katika ya pili. Njia hii yaonekana kuwa rahisi na kamili, lakini ina kasoro: saa iliyosomwa ni ile inayoonyesha wakati wa siku, na saa ya namna hiyo husahihishwa mara kwa mara. Tuseme kazi imeanza saa ikionyesha sekunde ya 20. Baada ya sekunde mbili saa inarudishwa nyuma sekunde nane kwa kuwa ilikuwa ikienda mbele mno. Kazi inakwisha sekunde moja baadaye. Saa sasa inaonyesha 15, na programu itatangaza kwamba kazi imekwisha sekunde tano kabla ya kuanza!

Aidha, mwendo wa dunia wenyewe haulingani daima na saa za atomi. Kati ya mwaka 1972 na mwisho wa mwaka 2016 sekunde 27 ziliongezwa katika wakati wa kimataifa ili kuziba pengo hilo. Hesabu ya Unix haina nafasi ya sekunde hizo za ziada, kwa hiyo hulazimika kurudia sekunde au kujivuta. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa vipimo wa kimataifa uliazimia kwamba utaratibu huo ubadilishwe ifikapo mwaka 2035.

Saa Isiyorudi Nyuma

Suluhisho lililopatikana ni kuwa na saa mbili. Ya kwanza hueleza wakati wa siku, nayo yaweza kusahihishwa. Ya pili huenda mbele tu, wala hairudishwi nyuma na mtu yeyote. Mara nyingi huanza kuhesabu kompyuta inapowashwa. Ukiiuliza ni saa ngapi, jibu lake halina maana. Lakini tofauti kati ya masomo yake mawili ni muda wa kutegemewa. Kwa ufupi, ya kwanza hujibu swali "lini?", na ya pili hujibu swali "kwa muda gani?".

Mkasa wa Dhahran

Hata hivyo, saa isiyorudi nyuma nayo yaweza kupotosha hesabu yake ikitafsiriwa vibaya. Mfano unaojulikana sana ni wa mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, katika vita vya Ghuba. Mtambo huo ulihesabu sehemu za kumi za sekunde tangu ulipowashwa, kisha ukaigeuza hesabu kuwa sekunde kwa kuizidisha kwa moja ya kumi. Sasa, kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa tarakimu mbili, 0 na 1, zitumiwazo na kompyuta. Ilikatwa ili itoshee nafasi 24, na kila hatua ikapungukiwa na sekunde 0.000000095 hivi.

Upungufu huo ni mdogo mno, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi, na kosa lilikuwa limefikia theluthi ya sekunde. Katika muda huo kombora la Scud huenda zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ulilitafuta mahali lisipokuwapo, na kombora likaua wanajeshi 28. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata.

Hitimisho

Yafaa kutambua kwamba Kiswahili hakihitaji kukopa neno ili kutenganisha dhana hizi mbili. "Wakati" na "muda" yamo tayari, na wasemaji huyatofautisha kila siku. Mfasiri atakayeandika "saa" kwa dhana zote mbili atakuwa amemrudishia msomaji utata wa "Alisoma saa mbili". Bora saa ya kwanza iitwe saa ya wakati, na ya pili ipewe jina la kazi yake: kipima muda. Mwanafunzi atakayejifunza taaluma hii kwa Kiswahili atakuwa ameonywa na istilahi yenyewe kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu.