Mtoto Anapodhuriwa na Chakula

Katika Biashara Street, Mombasa, akina mama waendao kununua leso hufuatana mara nyingi na watoto wao, hasa siku za kukaribia Idd. Mama anapochagua doti, mtoto hupewa kitu cha kumtuliza: kashata ya karanga, korosho au kipande cha halua. Watoto walio wengi hula wakafurahi. Lakini wako wachache ambao chakula hicho hicho huwadhuru ghafula, na yampasa kila mtu mzima aliye karibu nao kujua la kufanya.

Maradhi haya huitwa mzio. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu vya magonjwa. Kwa mtoto mwenye mzio, askari hao hukidhania chakula kuwa adui, na katika kukipiga vita humwaga kemikali zivimbishazo ngozi, zibanazo njia za pumzi na kulegeza mishipa hata msukumo wa damu ukashuka. Shambulio kubwa la namna hiyo huitwa anafilaksia, jina lililotolewa mwaka 1902 na wataalamu wawili wa Ufaransa, Paul Portier na Charles Richet.

Vyakula vinavyojulikana sana kwa jambo hili ni karanga, korosho, lozi, ufuta, maziwa ya ng'ombe, mayai, ngano, samaki, kamba na kaa. Hata kiasi kidogo chaweza kudhuru: viazi vilivyokaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa kamba vyaweza kumpata mtoto asiyeonja kamba. Leso huandikwa jina lake, kila mtu akalisoma. Kashata haina maandishi. Kwa hivyo muuzaji na aulizwe kwanza.

Dalili huanza baada ya dakika chache, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Ngozi huwasha na kufura mabaka, midomo na macho huvimba. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Basi tazameni uvimbe na kujikuna. Hatari kubwa ni hizi: sauti kukwaruza, ulimi kuvimba, kukohoa mfululizo, kifua kulia kama mluzi, kutapika tena na tena, kulegea, au kuzimia. Mtoto mwingine huwa hatarini bila ya upele wowote.

Dawa ya kwanza ni moja tu, nayo ni adrenalini, ichomwayo kwa sindano katika msuli wa paja, upande wa nje. Mganga hupima miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, na baada ya dakika tano aweza kuirudia ikiwa hakupata nafuu. Dawa za kutuliza mwasho hupunguza upele, lakini hazifungui koo wala haziinui msukumo wa damu. Mtoto aliyepewa na daktari sindano yake ya kuchukua na achomwe papo hapo, kisha apelekwe hospitali.

Wakati wa kungoja gari, mtoto alazwe chali, miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua, aketishwe. Akitapika au akizimia, alazwe ubavu. Asisimamishwe ghafula wala asitembezwe, kwani kuinuka huko kwaweza kumwua. Asitapishwe kwa nguvu, wala asinyweshwe maziwa au dawa za nyumbani. Wako wadhanio kuwa ni kijicho, wakatafuta zinguo kwanza. Dua haikatazwi, lakini na isomwe njiani. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani humo humo, na kila dakika ina thamani yake.

Mtoto akipata nafuu asirudishwe nyumbani mara moja, maana shambulio laweza kurejea baada ya saa kadha. Akae chini ya macho ya waganga. Kisha daktari atafute ni chakula gani kilichomdhuru. Wazazi nao wawaarifu mwalimu wa shule, mwalimu wa chuo, nyanya na jirani. Si heshima kumlazimisha mtoto huyo ale kwa kuwa ni mgeni. Heshima ni kumwuliza mama yake kabla ya kumpa.