Mwalimu Nyerere na Mzee Mwinyi: nani alituachia nini?

Msikilizaji, ubishi huu hauishi vijiweni. Wapo wanaosema Mwalimu ndiye aliyetufanya taifa moja. Wengine wanakumbuka foleni za sukari, na kwao mkombozi ni Mzee Mwinyi. Tupige hesabu ya kila mmoja.

Mwalimu Julius Nyerere aliongoza nchi tangu uhuru wa 1961 hadi Novemba 1985. Azimio la Arusha la 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba kufikia 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia vijiji vya pamoja. Wapo waliohamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba mazuri. Lakini kukaa pamoja kulirahisisha kujenga shule na zahanati. Elimu ya msingi kwa wote ilianza 1977, na katikati ya miaka ya 1980 takribani watu wazima 9 kati ya 10 walihesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika.

Uchumi nao ukayumba. Mafuta yalipanda bei, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha, na mashirika mengi ya umma yaliendeshwa kwa hasara. Sabuni na nguo zikawa adimu. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa walanguzi.

Ali Hassan Mwinyi alipokea nchi katika hali hiyo, akaongoza hadi 1995. Mwaka 1986 serikali yake ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza masharti ya biashara. Maduka yakajaa, na wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Gharama zake zilikuwepo pia: shilingi ilishuka thamani, wananchi wakaanza kuchangia shuleni na hospitalini, na uandikishaji wa watoto shuleni ukapungua.

Hata hivyo, mambo hayagawanyiki kirahisi hivyo. Ruhusa kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa ilianza 1984, Mwalimu akiwa bado Rais. Na vyama vingi, vilivyorudi 1992 chini ya Mzee Mwinyi, Mwalimu mwenyewe alitaka vijadiliwe tangu 1990.

Uchina, iliyotusaidia kujenga reli ya TAZARA, ilipita njia inayofanana. Mao Zedong aliwaweka wakulima kwenye mashamba ya pamoja. Baada ya kifo chake 1976, chini ya Deng Xiaoping, kaya ziliruhusiwa kulima kwa hesabu zao. Kule mabadiliko yalisubiri kiongozi afe. Kwetu, Mwalimu aling'atuka urais akiwa hai, ingawa alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990.

Leo mkulima wa alizeti wa Iramba au Mkalama anasoma bei kwenye simu, kisha anamuuzia anayempa zaidi. Kisomo kile kilipiganiwa wakati wa Mwalimu, na soko huria lilifunguliwa wakati wa Mzee Ruksa. Lakini bei ikianguka wakati wa mavuno, hasara ni yake peke yake. Hilo halikumalizwa na yeyote kati yao, na ndilo la kuwauliza viongozi wa sasa wanapokuja kuomba kura.