Askari Waliokataa Kurudi Kambini

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, ni ya kweli tupu, na inahusu kitu ambacho kila mmoja wenu anatembea nacho shingoni.

Chukua kikombe cha maji, simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kisha meza funda moja. Umeona pale chini ya kikoromeo panavyopanda na kushuka? Hapo ndipo ilipo tezi ya thairoidi. Ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Ina pande mbili, mmoja kulia na mmoja kushoto mwa bomba la hewa, zilizoungwa katikati kwa kipande chembamba. Pamoja na udogo wake ina kazi kubwa: hutengeneza homoni zinazoamua moyo upige kwa kasi gani, mwili utoe joto kiasi gani, na ubongo wa mtoto ukue vipi. Homoni hizo haziwezi kutengenezwa bila madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi tunayonunua dukani. Madini joto yakipungua kwenye chakula, tezi hujikakamua, huvimba, na shingo hutoa rovu, au goita kama wengi wanavyoita.

Lakini kuna watu wanaokula madini joto ya kutosha na tezi yao bado inavimba. Aliyefungua mlango wa fumbo hilo ni kijana mmoja wa Japani.

Jina lake Hakaru Hashimoto. Alizaliwa mwaka 1881 katika ukoo wa matabibu, akahitimu udaktari mwaka 1907, akaanza kazi katika idara ya upasuaji huko Fukuoka. Siku hizo mgonjwa mwenye rovu kubwa alipasuliwa, na kipande kilichotolewa kikapelekwa maabara. Hashimoto alivichukua vipande vya tezi za wanawake wanne, akavikata vyembamba mno, akavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini. Mahali palipotakiwa kuwa na seli za tezi zilizojipanga vizuri, alikuta halaiki ya chembe nyeupe za damu. Zilikuwa zimejazana, nyingine zimekusanyika katika mafungu kama zinavyokaa kwenye mitoki. Seli za tezi zenyewe zilikuwa zimeharibika, na katikati yake kumeota makovu.

Mwaka 1912 aliandika aliyoyaona, kwa Kijerumani, katika jarida la madaktari wa upasuaji. Wengi hawakumsikiliza. Wapo waliosema kwamba huo ni mwanzo tu wa ugonjwa mwingine unaojulikana. Hashimoto akaenda Ujerumani kuongeza elimu, vita ya kwanza ya dunia ikamrudisha nyumbani, na baba yake alipofariki akarejea kwao kuwatibu watu wa kijijini. Alikufa mwaka 1934 kwa homa ya matumbo, bila kujua kwamba siku moja ugonjwa aliouona kwenye hadubini ungeitwa kwa jina lake dunia nzima.

Sasa, chembe nyeupe zilifuata nini pale? Ili tuelewe, tuanze na mwiba.

Ukichomwa na mwiba unyayoni, baada ya saa chache unyayo unakuwa mwekundu, wa moto, unavimba na kuuma. Mwiba wenyewe haukuvimbisha mguu. Uvimbe huo ni kazi ya mwili wako: umefungua mishipa midogo ya damu na kutuma askari wake, yaani chembe nyeupe, waje kuua vijidudu na kusafisha uchafu. Madaktari huita tukio hilo inflamesheni. Ni jambo jema, na bila hilo kidonda kidogo kingeweza kutuua. Mwiba ukitoka na vijidudu vikafa, askari hurudi kambini na unyayo hupona.

Taabu huanza pale askari wanapokataa kurudi. Wanapiga kambi miezi, hata miaka, wakiendelea kufyatua silaha mahali pasipo tena na adui, au wakimwona adui ambaye si adui. Hiyo ndiyo inflamesheni sugu. Mara nyingi haina joto wala maumivu makali, na mwenye mwili anaendelea na shughuli zake bila kujua.

Katika tezi ya Hashimoto, askari walikuwa wanampiga nani? Jibu lilipatikana London mwaka 1956. Ivan Roitt, Deborah Doniach na Peter Campbell walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wa aina hii, wakayakutanisha na dondoo ya tezi ya thairoidi ya binadamu. Pale vitu viwili vilipokutana, palitokea alama nyeupe. Maana yake damu ya mgonjwa ilikuwa na kingamwili zilizotengenezwa mahususi kuishika protini ya tezi yake mwenyewe. Mwili ulikuwa umejigeuka. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na ukiendelea, tezi huchoka na homoni hupungua. Mtu huhisi baridi, uchovu, nywele zinakatika, uzito unaongezeka.

Askari wanaokataa kurudi huhusishwa pia na saratani. Inaingiaje hapa? Mwaka 1863 tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, aliona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani, akasema kuwa huenda saratani huanzia mahali ambapo mwili umewashwa kwa muda mrefu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kumpa haki yake, na ushahidi mwingine umo katika maisha yetu wenyewe. Chukua kichocho cha mkojo, ugonjwa unaojulikana kuanzia Pemba hadi Kanda ya Ziwa. Mayai ya minyoo yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu, askari hukusanyika kuyazunguka mwaka hadi mwaka, na hatimaye baadhi ya wagonjwa hupata saratani ya kibofu. Homa ya ini aina ya B hufanya vivyo hivyo kwenye ini. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walionyesha kwamba bakteria mmoja husababisha inflamesheni na vidonda vya tumbo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyohuyo akikaa tumboni miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya tumbo.

Namna madhara yanavyotokea inaeleweka vizuri. Silaha za chembe nyeupe ni kemikali kali za oksijeni. Zikiua vijidudu, huweza pia kukwaruza vinasaba vya seli za jirani zisizo na kosa. Seli zinazokufa lazima zizibwe pengo, kwa hiyo zilizobaki hugawanyika upya, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea katika kunakili vinasaba. Zaidi ya hapo, askari hutoa ishara za kuhimiza ukuaji ili kidonda kifungwe. Seli moja iliyokosewa vinasaba ikipata ishara hizo kila siku, inaweza kuanza kukua bila kusikia amri ya kusimama.

Tezi ya thairoidi ina mambo yake mawili ya ziada. Kwanza, ili iunganishe madini joto na protini yake, huhitaji haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo zahanati nyingi huoshea vidonda. Tezi yenye afya ina namna ya kujikinga na ukali huo, lakini iliyovamiwa huongezewa mzigo juu ya mzigo. Pili, homoni zikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutuma homoni ya TSH kuisukuma thairoidi ifanye kazi na ikue. Msukumo huo unaweza kuikuza na seli mbaya kama imo.

Kufika hapa, mtoto mwerevu atasema: basi ugonjwa wa Hashimoto huleta saratani ya thairoidi. Subirini, maana hapa ndipo hadithi inaponoga.

Mwaka 1955 madaktari watatu wa Marekani, Dailey, Lindsay na Skahen, waliandika kwamba wameona mambo haya mawili yakikaa pamoja katika tezi zilizopasuliwa. Tangu hapo wenzao wa nchi nyingi wamehesabu tena na tena, na mara nyingi wamekuta hivyohivyo: saratani aina ya papilari, ambayo ndiyo karibu nane katika kila kumi za thairoidi, huonekana zaidi kwenye tezi zenye chembe nyeupe nyingi. Lakini kukutwa pamoja hakutoshi kuthibitisha kwamba mmoja amemzaa mwingine. Ukiwakuta polisi na mwizi mahali pamoja, ni lazima uulize nani alitangulia.

Yawezekana askari walitangulia, wakaharibu vinasaba, saratani ikazaliwa. Yawezekana pia saratani ilitangulia, na askari wakaja kuishambulia. Jambo linaloipa nguvu njia hii ya pili ni kwamba wagonjwa wengi wenye saratani ya papilari pamoja na Hashimoto huwa na hali nafuu kuliko wenye saratani peke yake: mara nyingi saratani yao haijasambaa sana kwenye mitoki ya shingo, na hurudi kwa nadra zaidi baada ya tiba. Inaelekea askari walewale wanaosumbua tezi husaidia pia kuizuia saratani isitambae.

Njia ya tatu ni macho ya daktari. Mwenye Hashimoto hupimwa shingo kwa altrasaundi mara kwa mara, na anayetafuta sana hupata. Korea Kusini imetufundisha hili. Baada ya upimaji wa saratani kuenea nchini humo kuanzia mwaka 1999, watu wengi waliongezewa na kipimo cha shingo. Kufikia mwaka 2011, kiwango cha saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993. Vifo je? Havikubadilika. Saratani ndogondogo ambazo zingekaa kimya maisha yote zilivumbuliwa, na watu wengi wakaondolewa tezi. Ndiyo maana tafiti za watu waliopasuliwa huonyesha uhusiano mkubwa, ilhali zile zinazochunguza watu wengi zaidi kwa kuchota seli kwa sindano nyembamba mara nyingi huonyesha uhusiano mdogo, au zisiuone kabisa.

Basi hukumu ni hii. Inflamesheni sugu na saratani ya papilari zina uhusiano, njia za kuziunganisha zipo, lakini nguvu ya uhusiano huo bado inapimwa, na watu wengi sana wenye Hashimoto hawatapata saratani kamwe. Kuna saratani moja tu ya tezi hii ambayo uhusiano wake na Hashimoto hauna ubishi: limfoma, inayoanza kwenye chembe nyeupe zenyewe zilizopiga kambi shingoni. Nayo ni adimu. Dalili yake kubwa ni tezi ya mtu, mara nyingi mzee, kuvimba haraka ndani ya wiki chache.

Nawaambia haya kwa sababu nimeona hofu ikifanya mabaya ambayo ugonjwa wenyewe haukuyafanya. Wapo wanaoficha shingo kwa mtandio miaka mingi, na wapo wanaochanjwa chale juu ya uvimbe. Mwaka 2022 watu zaidi ya laki nane duniani walikutwa na saratani ya thairoidi, watatu kati ya kila wanne wakiwa wanawake. Waliofariki mwaka huo ni takribani 47,000. Ni saratani inayotibika vizuri ikiwahiwa. Tena vivimbe vingi vya tezi si saratani: katika kila kumi, kwa kawaida tisa au zaidi havina ubaya.

Kwa hiyo, wanangu, mkirudi nyumbani mtazameni mama, shangazi na bibi wanapomeza maji. Mkiona kivimbe kinachopanda na kushuka pamoja na funda, au sauti iliyokwaruza kwa wiki kadhaa bila mafua, au mmoja wao analalamika kwamba chakula kinakwama, msimcheke wala msimtishe. Mwambieni kwa heshima aende hospitali akapimwe damu, na daktari akiona haja, altrasaundi na sindano. Aliyekwisha kuambiwa ana Hashimoto anywe dawa yake kila siku kama alivyoelekezwa na ahudhurie kliniki kwa tarehe aliyopangiwa. Asiongeze vidonge vya madini joto kwa akili yake mwenyewe, kwa kuwa yakizidi nayo huweza kuichochea tezi iliyovamiwa. Na kama kati yenu yupo anayependa hadubini, asome kwa bidii. Swali la nani alitangulia, askari au saratani, bado linamngoja wa kulijibu.