Brexit: Ugomvi Uliomo Ndani ya "Ingekuwa"

Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 24 Juni 2016, ulikuwa usiku wa Ramadhani. Hapa Leicester usiku wa Juni ni mfupi mno: ukimaliza tarawehe, ukijigeuza kidogo, daku imefika. Hivyo nyumba nyingi za Waswahili hazikulala, na televisheni zilikuwa wazi. Saa sita ilikuwa imepita kidogo yalipotangazwa matokeo ya kura ya maoni ya mji wa Sunderland: asilimia 61 wanataka kutoka Umoja wa Ulaya. Pauni ikaanza kuporomoka pale pale. Jioni ilikuwa karibu dola 1.50, asubuhi ilifika chini ya 1.33, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 31.

Mchana wake nikatuma pesa nyumbani, za futari na nguo za sikukuu za watoto. Mama akapiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, mbona zimepungua? Umekwama?" Sikuwa nimekwama. Nilituma pauni zilezile za mwezi uliopita. Pauni yenyewe ndiyo iliyosinyaa mbele ya dola, na shilingi yetu haikuwa na sababu ya kusinyaa nayo.

Nimeanza na hilo kwa sababu, katika yote yaliyosemwa kuhusu uchumi wa Brexit, anguko la pauni usiku ule ndilo jambo pekee ambalo sijawahi kusikia mtu akilibishia. Mengine yote yanabishaniwa hadi leo, na jamaa wa nyumbani hawachoki kuuliza: hivi mwishowe nani alisema kweli?

Jibu linaanzia kwenye sarufi. Sisi tuna -nge- na -ngali-, viambishi vya jambo ambalo halikutokea. Ugomvi wote wa uchumi wa Brexit umo ndani ya viambishi hivyo. Uingereza iliyotoka ipo; unaweza kuhesabu mishahara yake na bei ya mkate wake. Uingereza ambayo ingebaki haipo popote. Kila anayesema Brexit imeleta hasara au faida analinganisha nchi anayoiona na nchi aliyolazimika kuibuni.

Sasa tazama jinsi pande zote mbili zilivyowaeleza wananchi. Upande wa kutoka ulikuwa na basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza hupeleka Umoja wa Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba pesa hizo zingefaa kwenda kwenye huduma ya afya. Tarakimu hiyo ilikuwa mchango kabla ya punguzo ambalo Margaret Thatcher alilipata mwaka 1984. Punguzo lilikuwa likikatwa kabla pesa hazijatumwa, kwa hiyo hazikuwahi kuondoka London. Ukilitoa, zinabaki takriban milioni 250 kwa wiki, na sehemu ya hizo ilirudi kwa wakulima, vyuo vikuu na maeneo maskini. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ilitamka kwamba tarakimu ile inapotosha. Maandishi ya basi hayakubadilishwa. Na kila aliyesimama kuyakanusha alilazimika kuanza kwa kukiri kwamba ni kweli pesa zinakwenda, ila si nyingi kiasi hicho. Mpiga kura alibaki na neno "zinakwenda".

Upande wa kubaki nao ulikuwa na pauni 4,300. Aprili 2016 Wizara ya Fedha, chini ya George Osborne, ilisema hiyo ndiyo hasara ya kila kaya kwa mwaka. Mfanyakazi wa ghala aliyesikia hivyo alidhani atachukuliwa pauni 4,300 kutoka mfukoni mwake. Maana yake ilikuwa nyingine kabisa: kufikia mwaka 2030 uchumi ungekuwa mdogo kwa asilimia 6.2 kuliko ambavyo ungekuwa kama nchi ingebaki, na pengo hilo likagawanywa kwa idadi ya kaya. Mahesabu yaleyale yalionyesha uchumi ukiendelea kukua katika hali zote mbili. Zile -nge- zote zilidondoka njiani kati ya ripoti na vichwa vya habari.

Mwezi uliofuata wizara ileile ikasema kura ya kutoka ingeleta mdororo papo hapo na kuongeza takriban watu nusu milioni wasio na kazi. Haikuwa hivyo. Benki Kuu ilishusha riba hadi asilimia 0.25 mwezi Agosti, watu wakaendelea kununua, na kufikia mwaka 2019 ukosefu wa ajira ulikuwa chini ya asilimia 4, kiwango cha chini kabisa tangu miaka ya 1970. Januari 2017 Andy Haldane, mchumi mkuu wa Benki Kuu, alikiri hadharani kwamba watabiri walikosea.

Kwangu mimi, hapo ndipo mjadala ulipoharibika. Utabiri wa miezi michache ulikufa, ukazikwa pamoja na utabiri wa miaka kumi na mitano, ingawa huo wa pili ulikuwa haujafikia hata wakati wa kupimwa. Uingereza ilikuwa haijatoka! Ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na ikaacha soko la pamoja na umoja wa forodha tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Katikati pakaingia Uviko, kisha vita vya Ukraine na bei za gesi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ukafika asilimia 11.1. Ukitaka kujua ni kiasi gani cha machungu hayo kililetwa na Brexit, una kazi ya kutenganisha maji ya mito mitatu baada ya kuingia baharini.

Wapo waliojaribu. John Springford, mchumi wa Centre for European Reform, aliunda pacha wa Uingereza kwa kuchanganya takwimu za nchi ambazo uchumi wake ulikuwa ukienda sambamba na wa Uingereza kabla ya 2016, Marekani ikiwemo. Kufikia mwaka 2022 Uingereza halisi ilikuwa nyuma ya pacha wake kwa asilimia 5 hivi. Wapinzani wake, kama Graham Gudgin, walisema pacha huyo ana damu nyingi ya Marekani, nchi iliyomwaga fedha nyingi mno za serikali baada ya Uviko. Ni hoja yenye uzito. Nao huongeza kwamba Ujerumani, iliyobaki ndani ya Umoja, imedorora, na kwamba Uingereza inauza huduma zake nje kwa wingi. Hayo pia ni kweli. Patrick Minford wa Chuo Kikuu cha Cardiff alikwenda mbali zaidi, akasema nchi ingenufaika kwa asilimia 4, lakini hesabu yake ilitegemea Uingereza ifute ushuru kwa bidhaa za dunia nzima, jambo ambalo hakuna serikali iliyolifanya.

OBR, ofisi huru inayoandaa makadirio rasmi ya uchumi na bajeti ya serikali, imeshikilia makadirio yake: katika muda mrefu tija ya nchi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa kama nchi ingebaki. Mimi naamini mwelekeo huo kuliko tarakimu yenyewe, na sababu yangu ni makaratasi. Mkataba wa biashara wa tarehe 24 Desemba 2020 uliondoa ushuru, haukuondoa vyeti. Anayeuza jibini Ufaransa anahitaji saini ya daktari wa mifugo, tamko la forodha na uthibitisho wa asili ya bidhaa. Kampuni kubwa huajiri mtu wa kuyashughulikia. Mwenye wafanyakazi wanne hupiga hesabu, akaacha kuuza ng'ambo. Hakuna kiwanda kinachofungwa mbele ya kamera. Ni oda tu ambazo haziji.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu waliokataa kusikiliza. Anand Menon, profesa wa King's College London, husimulia jinsi mwanamke mmoja mjini Newcastle alivyomkatiza katika mkutano wa hadhara kabla ya kura. Alikuwa akieleza kwamba Pato la Taifa litashuka. Yule mama akamjibu: "Pato hilo ni lenu, si letu." Kwa watu ambao mishahara yao ilikwama tangu msukosuko wa benki wa 2008, hasara ya asilimia 4 ya kitu ambacho hakiwafikii haikuwa tishio. Hapa Leicester kura za kubaki zilishinda kwa asilimia 51.1 tu, maana yake karibu nusu ya majirani zangu walifikiri kama yule mama.

Nyumbani nako mtikisiko ulifika mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Julai 2016, wiki chache tu baada ya kura, Tanzania ilikataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na Brexit ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Tofauti ile haikuwa ya ukaidi. Kenya haimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, kwa hiyo bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru, wakati Tanzania ilikuwa na njia nyingine ya kuingiza bidhaa bila ushuru. Ndiyo maana pia Kenya iliwahi kusaini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, ikiwa imebaki chini ya mwezi mmoja kabla mlango wa zamani haujafungwa.

Basi, jamaa zangu mnaouliza nani alisema kweli: walioahidi milioni 350 walipotosha, waliotisha kwa mdororo wa papo hapo walikosea, na waliosema nchi itapungukiwa polepole, bila kishindo, ndio ninaowaamini. Chama cha Labour kilichoshinda uchaguzi wa Julai 2024 kiliahidi kutorudi kwenye soko la pamoja wala umoja wa forodha. Lakini tarehe 19 Mei 2025 serikali yake iliketi London na viongozi wa Umoja wa Ulaya, na mojawapo ya mambo waliyokubaliana kuyatafutia mkataba ni kupunguza ukaguzi na vyeti vya vyakula, saini ile ya daktari wa mifugo ikiwemo.